Smong: Neno Lililookoa Kisiwa

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, upo mji wa Banda Aceh, ambao wenyeji huuita Serambi Mekkah, yaani Baraza ya Makka. Jina hilo lina asili katika zama za vyombo vya matanga, mahujaji wa visiwa vya mashariki walipokuwa wakikusanyika hapo kabla ya kuikata Bahari ya Hindi kuelekea Jeddah. Mtu wa Pwani yetu akifika huko hajioni mgeni kamili. Atakuta minazi na mikoko, atasikia adhana mara tano, atakula wali na samaki wa mchuzi mkali, na asubuhi atawaona wanawake waliojistiri wakienda sokoni na vikapu vyao. Bahari inayopiga ufuo wao ndiyo inayopiga ufuo wetu.

Tulikwenda huko kwa nia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuzuru misikiti na kuwaombea dua waliozikwa katika makaburi ya pamoja. Ya pili ilikuwa kutafuta jibu la swali ambalo akina mama wa darsa wametuuliza zaidi ya mara moja: gharika ile ya 2004 ilitoka wapi, na je, yaweza kutujia tena?

MJI NA MAKABURI YAKE

Jumapili ya tarehe 26 Disemba 2004, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi kwa saa za huko, ardhi ya Aceh ilitikisika. Haikuwa zilizala ya sekunde chache. Mpasuko wa chini ya bahari ulichukua kiasi cha dakika nane hadi kumi kukamilika, na nguvu yake ilipimwa kuwa 9.1. Watu walishindwa kusimama. Ulipotulia mtikisiko, walitoka nje wakawa wanatazama nyufa za nyumba zao na kuulizana habari. Haikupita nusu saa hivi, bahari ikaingia mjini.

Ishara zake zingali zinaonekana. Ipo meli ya kuzalisha umeme, uzito wake tani 2,600, iliyokuwa imefungwa gatini. Maji yaliibeba kilomita mbili na zaidi ndani ya mji yakaitua katikati ya makazi ya watu, nayo imeachwa papo hapo iwe ukumbusho. Katika mtaa wa Lampulo ipo mashua ya uvuvi iliyokwama juu ya nyumba. Watu 59 waliokuwa wamekimbilia ghorofani waliiparamia mashua hiyo, wakasalimika. Katika makaburi ya pamoja ya Siron na Ulee Lheue mgeni hakuti mashahidi ya majina. Hukuta uwanja wa majani mabichi, na chini yake wamelala maelfu kwa maelfu. Indonesia peke yake ilipoteza watu zaidi ya 160,000, na ukichanganya nchi zote 14 zilizofikiwa, waliokufa na waliopotea ni takriban 228,000.

Msikiti Mkuu wa Baiturrahman, wenye kuba nyeusi na kuta nyeupe, ulisimama. Ulijengwa baina ya 1879 na 1881, baada ya ule wa kabla yake kuteketea katika vita na Waholanzi. Ulisimama pia msikiti wa Baiturrahim wa Ulee Lheue ulio ufuoni kabisa, na msikiti wa Rahmatullah wa Lampuuk, ambao katika picha za siku zile huonekana pweke, nyumba zote pembezoni mwake zikiwa zimefagiwa. Wahandisi wanasema kwamba misikiti hii ilikuwa na nguzo nene na matao wazi, maji yakapita katikati badala ya kukutana na ukuta mzima. Sisi hatuoni kwamba maelezo hayo yanapunguza shukrani. Aliyeijenga nguzo kwa uaminifu, bila ya kuiba saruji wala chuma, naye ana fungu lake katika rehema ile.

Zipo pia kauli tulizozisikia hata huku kwetu, kwamba watu wale waliadhibiwa. Sisi tulisomeshwa kwamba aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi. Hatuoni njia ya kumwita mtu shahidi kwa ulimi mmoja, na kwa ulimi wa pili tukamwita mwenye kuadhibiwa, hasa pale ambapo wengi wao walikuwa watoto wachanga na mama zao. Swali lenye manufaa zaidi ni lile la akina mama: ilitoka wapi?

KILICHO CHINI YA BAHARI

Gamba la dunia tunayoikanyaga si kipande kimoja. Limegawanyika mabamba makubwa, na mabamba hayo yanatembea. Magharibi ya Sumatra, chini ya maji, lipo handaki refu lililopinda kama upinde, linaloanzia upande wa Myanmar na kuteremka hadi kusini ya Java na kuendelea mashariki. Hapo ndipo bamba lililobeba sakafu ya Bahari ya Hindi linapozama chini ya bamba lililobeba Sumatra. Mwendo wake ni kiasi cha sentimita 5 kwa mwaka, usiopita sana mwendo wa kucha za vidole vyetu zinavyoota.

Lau bamba moja lingeteleza chini ya jingine bila kizuizi, watu wa huko wangekaa kwa amani. Lakini yanakwamana. Bamba la chini linaendelea kuzama huku limeushika ukingo wa bamba la juu, likiuvuta kwenda nao. Mfano wake ni fito lililoshikwa ncha na kupindwa: ncha inashuka, na mgongo wake unainuka kidogo kidogo. Hali hiyo hudumu miaka mia, na pengine zaidi. Visiwa vilivyo karibu na handaki huzama milimita chache kila mwaka, na mawimbi huanza kuramba mizizi ya minazi iliyopandwa na mababu mbali na maji.

Kisha siku moja mshiko unaachia. Fito linafyatuka. Ukingo uliokuwa ukivutwa chini unaruka juu mita kadhaa kwa mara moja, nao unayainua maji yote yaliyo juu yake, kuanzia sakafu ya bahari hadi usoni. Maji yaliyoinuliwa hayana budi kuteremka, na huko kuteremka kwake ndiko tunakokuita tsunami. Wimbi la upepo hucheza juu ya bahari tu. Hili ni bahari nzima inayotembea. Mnamo 2004 ufa uliofunguka ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,300, zaidi ya safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kampala, na mahali pengine bamba moja liliteleza juu ya jingine kwa mita 15 na zaidi. Wakati huohuo mgongo wa fito ulishuka: sehemu za pwani ya Banda Aceh zilididimia, na palipokuwa na mabwawa ya samaki na bustani pakawa bahari.

DAFTARI LA MATUMBAWE

Je, wataalamu wanajuaje yaliyotokea kabla ya kuwapo vyombo vya kupimia? Hapa tulistaajabu, kwa kuwa kitabu wanachokisoma ni kitu tunachokijua sisi watu wa mwambao. Ni tumbawe. Wazee wetu walilikata baharini lingali laini, wakalichonga likawa mihrabu na miimo ya milango. Jamaa ya tumbawe hilohilo, lile la mviringo liotalo katika maji machache, huko Sumatra limekuwa daftari la zilizala.

Siri yake ni kwamba tumbawe haliwezi kuishi juu ya mstari wa maji ya kupwa kabisa. Likifika hapo, utosi wake unakauka na kufa, na ubavu wake unaendelea kukua kwa upana. Ardhi ikizama, maji yanalifunika zaidi, nalo hupata nafasi ya kuota kwenda juu. Ardhi ikiinuka ghafla, sehemu ya juu hufa yote, na kilichobaki hai chini huanza kukua upya, likawa na umbo la kofia yenye ukingo. Na kwa kuwa kila mwaka huacha pete yake ndani, kama mti, mtaalamu akilikata kipande huhesabu miaka, na kwa kupima madini yaliyomo huijua tarehe yake.

Kerry Sieh wa Chuo cha Teknolojia cha California, ambaye baadaye alikwenda Singapore, na Danny Natawidjaja wa Indonesia, pamoja na wenzao, walitumia miaka mingi kuyasoma matumbawe ya visiwa vya Mentawai, kusini zaidi. Waligundua kwamba katika miaka 700 iliyopita sehemu ile ilivunjika kwa mafungu ya zilizala kubwa, kila baada ya takriban miaka 200. Fungu la mwisho lilikuwa na zilizala za 1797 na 1833. Katika Simeulue matumbawe yalionyesha mengine: zilizala kubwa mwishoni mwa karne ya 14 na tena katikati ya karne ya 15. Yalionyesha pia jambo geni, kuteleza kwa polepole kulikoendelea miaka 32, kuanzia 1829, bila mtu kuhisi chochote, hadi kulipoishia katika zilizala kubwa ya 1861.

Katika pango moja la pwani ya Aceh, kusini ya mji, walichimba wakakuta tabaka za mchanga wa bahari zilizotenganishwa na kinyesi cha popo. Kila tabaka ya mchanga ni tsunami moja. Walihesabu 11 baina ya miaka 7,400 na 2,900 iliyopita, na hazikuja kwa mpango: pengine zilipita karne nyingi za utulivu, na pengine zikafuatana kadhaa ndani ya karne moja. Hii ndiyo sababu mwanachuoni mkweli wa fani hii hataji siku. Husema mahali gani pamekaza, na kwa kiasi gani.

Siku hizi matumbawe yana wasaidizi. Tangu 2002 vimewekwa katika visiwa hivyo vituo vinavyosikiliza setilaiti na kupima mwendo wa ardhi kwa milimita. Huko Japani wameteremsha vipimo hadi sakafu ya bahari yenyewe. Baada ya zilizala ya Machi 2011 vilionyesha kwamba mahali pamoja sakafu hiyo ilisogea mita 24. Mwaka uliofuata meli ya Chikyu ilitoboa chini ya maji yenye kina cha karibu mita 7,000 ili kuufikia ufa wenyewe. Elimu hiyo yote, hata hivyo, haina faida kwa mama aliyeko jikoni isipomfikia mama huyo. Kwa hilo ilitupasa kwenda Simeulue.

KISIWA CHA SMONG

Simeulue iko kiasi cha kilomita 150 kutoka pwani ya Sumatra, karibu kabisa na mahali zilizala ya 2004 ilipoanzia. Tulifika bandari ya Sinabang kwa feri ya usiku, na kutoka hapo tukapelekwa pwani ya kaskazini magharibi. Huko tuliona mwamba mkavu uliojaa matumbawe meupe yaliyokufa, mbali na maji. Mwenyeji wetu alitufahamisha kwamba kabla ya 2004 hapo palikuwa bahari. Upande ule wa kisiwa uliinuka karibu mita moja na nusu kwa asubuhi moja.

Tulikaribishwa kahawa katika nyumba ya bibi mmoja mwenye wajukuu wengi, ambaye tulimwita Nenek, kama waitwavyo nyanya huko. Tulimsalimu, tukamuuliza kupitia kwa mkalimani:

"Nenek, siku ile nani aliwaambia mkimbie?"

"Hakutuambia mtu, Ustadh. Ardhi ilipotulia tulitazama bahari. Mtu mmoja akapiga ukelele, smong! Basi. Kila mmoja alimshika mtoto aliye karibu naye, awe wake au wa jirani, tukapanda kilimani."

"Na hilo neno mlilijua wapi?"

Alicheka kidogo. "Mimi niliimbiwa na nyanya yangu nikiwa kitandani. Na hawa wangu nimewaimbia."

Tarehe 4 Januari 1907 tsunami iliipiga Simeulue ikaua watu wengi mno. Waliobaki hawakuwa na vyombo vya kupimia wala vitabu vya jiolojia. Walikuwa na neno moja, smong, na wakalitia katika visa vya jioni, katika nyimbo zao za kienyeji na katika bembelezi za watoto: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikajivuta, kimbilia mlimani, usingoje mali wala chombo. Waliurithisha wosia huo kwa miaka 97. Katika kijiji cha Langi wimbi lilifika dakika nane tu baada ya mtikisiko. Ni vigumu mtambo wa tahadhari kuwawahi watu katika muda huo. Na bado watu wote wa Langi, kiasi cha 800, walisalimika. Kisiwa kizima kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa kwa gharika ile ni 7. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Machi 2005, zilizala nyingine ya 8.6 ilipovunja sehemu ya pili ya ufa, walikimbia tena.

YALIYOWAPATA AKINA MAMA WA ACEH

Kwenye bara la Sumatra wosia huo haukuwapo. Hapa tunawaomba wasomaji wetu wanawake watustahimilie, kwani habari ni nzito. Shirika la misaada la Oxfam lilitoa taarifa Machi 2005 lililoonyesha kwamba katika vijiji vinne vya Aceh Besar wanaume waliosalimika walikuwa karibu mara tatu ya wanawake, na katika kijiji kimoja kilichoitwa Kuala Cangkoy asilimia 80 ya waliokufa walikuwa wanawake.

Sababu zake si fumbo. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wavuvi walikuwa mbali baharini, ambako katika kina kirefu wimbi hupita chini ya chombo bila kuhisiwa, na wanaume wengine walikuwa na shughuli zao nje ya mitaa ya ufuoni. Akina mama walikuwa nyumbani. Waliosikia kelele walirudi ndani kutafuta watoto, wakambeba mmoja na kumvuta mwingine. Wengi hawakufundishwa kuogelea wala kupanda mti, mambo ambayo ndugu zao wa kiume waliyajua tangu utotoni. Hawakufa kwa udhaifu wa maumbile. Walikufa wakiwa wamebeba jamaa nzima mikononi, na hakuna aliyekuwa amewapa neno moja la kuwazindua dakika ishirini kabla.

Kutoka kisiwa kile hadi bara ile ni bahari moja na dini moja. Kilichowatofautisha ni walichoimbiwa na nyanya zao.

NASI PWANI YETU

Sasa tuwajibu akina mama waliotuuliza. Yaweza kutujia, ndiyo. Mwaka 2004 ilitufikia baada ya mwendo wa saa tisa hivi. Umbali ulikuwa umekwisha kuipunguza, na habari zilikuwa zimetangulia, hata watu wakaondolewa ufuoni katika sehemu kadhaa. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Jirani zetu wa Somalia, hasa Hafun, walipoteza karibu 300. Na Sumatra si mahali pekee. Baina ya Iran na Pakistan, ikitazamana na Oman ambako wengi wetu tuna jamaa, lipo eneo la Makran ambako bamba la bahari huzama chini ya bara vilevile. Lilivunjika Novemba 1945 kwa zilizala ya 8.1 na kuleta tsunami, nalo liko karibu nasi kuliko Aceh.

Hatusemi haya kuwatia watu hofu. Tangu 2011 nchi za Bahari ya Hindi zina mtandao wao wa tahadhari, na habari zake hufika katika Idara yetu ya Hali ya Hewa. Lakini tujue tofauti moja kubwa baina yetu na watu wa Simeulue. Wao hutikiswa kwanza. Sisi, kwa umbali wetu, huenda tusihisi chochote. Zilizala haitatugongea mlango. Ishara itakayotujia ni tangazo, au bahari yenyewe.

Na bahari yetu ina wajuzi wake. Akina mama wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua kuchokoa pweza na kuokota kome wanazijua saa za kupwa na kujaa kuliko wengi wenye vyeti. Wao ndio wa kwanza wawezao kusema: haya si maji ya leo. Bahari ikijivuta wakati usio wake, ikaacha samaki wakirukaruka mchangani, hiyo si riziki ya kuokotwa. Ni kuacha ndoo, kuwashika watoto na kwenda palipoinuka. Asirudi mtu baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa la pili au la tatu huweza kuwa kubwa zaidi, na hatari huweza kuendelea kwa masaa kadhaa.

Tunawaomba walimu wa madrasa zilizo karibu na ufuo watenge japo kipindi kimoja kila muhula, watoto wafundishwe haya na waoneshwe njia ya kupanda juu. Tunawaomba wazazi wawafundishe kuogelea mabinti zao kama wanavyowafundisha watoto wa kiume, katika stara, na mahali panapofaa. Hatujui hoja katika dini inayomnyima msichana kujiokoa maishani mwake. Na nyanya zetu, ambao bembelezi zao zimelea watu wa mwambao huu kizazi baada ya kizazi, tunawaomba wachague beti mbili tatu kwa lugha yao wenyewe, za Kiamu, Kimvita au Kigiriama, waitie habari hii ndani yake. Watu wa Simeulue wamesema kwamba kazi hiyo iliwachukua muda mchache tu wa jioni, baada ya chakula, kabla watoto hawajalala.